Mkataba wako nimesomewa mara mbili

Mwanangu,

Marahaba. Huku Newala hatujambo, maji tu ndiyo tunayahangaikia kama kawaida.

Picha ya mkataba uliyonitumia, mwalimu jirani amenifasiria, maana wameuandika Kiingereza chote. Nimefurahi umepata kazi, na wasiwasi ukanishika papo hapo. Ghala ni la kampuni, mzani wa kampuni, anayekupangia zamu ni mtu wa kampuni. Mwajiri aliyeandikwa ni wakala. Miezi 3. Na umeniambia wenzako wamesaini mara nne, kila mara jina la wakala jingine.

Hapo ndipo penyewe, mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkinga na kufukuzwa ovyo mtu aliyefikisha miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, hata kama mikataba ni miwili au mitatu. Jina la mwajiri likibadilika, unaambiwa uanze kuhesabu upya. Kiinua mgongo nacho, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, huwezi kukidai kabla ya miezi 12 mfululizo. Kwa hiyo kampuni inapata mtu aliyekwisha izoea kazi kwa bei ya mgeni. Najua korosho ni za msimu. Lakini Mtwara ufuta ukipungua ghalani zinaingia mbaazi, kisha korosho. Kazi ipo mwaka mzima, watu ndio wanaofanywa wa msimu.

Mimi nilibangua korosho miaka minne, kwa kilo, bila karatasi. Tulijipaka majivu, mafuta ya ganda yakapenya vilevile. Kile kidole gumba ulichopenda kukipapasa ukiwa mdogo, ngozi yake ilitoka pale. Zilizopimwa ni korosho nzima, vipande waliviweka pembeni bila kuandika. Asubuhi moja tukakuta geti limefungwa, mlinzi anasema watu wametosha. Nilipopata nguvu ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, miezi miwili ilishapita. Kumbe siku za kupeleka lalamiko la kufukuzwa ni 30. Karani akaniuliza nina kitu gani cha kuonyesha kwamba nilifanya kazi pale. Nilikuwa na mikono tu.

Kazi usiiache. Ila kila siku andika saa uliyoingia, saa uliyotoka na jina la aliyekupa zamu. Kila karatasi unayosaini ipige picha unitumie. Ukikatwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, pita ofisini kwao uone kama mchango umefika. Jumla ni 20% ya mshahara, na fungu lako lisizidi nusu yake. Na hao wenzako wa mara nne, waombe mikataba yao yote muipange mezani pamoja.

Basi la kesho linakuletea ming'oko na kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nimeshakupigia mistari: tarehe, kuingia, kutoka, msimamizi.

Mama yako