Barua ya wazi kwa Mratibu wa Uchungaji wa Wanafunzi, Lubumbashi: kuhusu wahubiri mnaotuletea chuoni

Baba Mchungaji,

Bwana asifiwe. Sisi tunaosimamia vikundi vya maombi vya wanafunzi hapa mjini tunakuandikia hadharani kwa sababu orodha ya wahubiri wa mwaka ujao wa masomo iko mezani kwako. Ombi letu ni hili: asiyekubali kuulizwa maswali asitumwe chuoni.

Mahubiri ya Jumapili hayahamii Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu, hivi hivi. Kanisani watu wamekuja kuabudu, na amina iko tayari mdomoni. Mwanafunzi ametoka darasani na njaa, na kutwa nzima amefundishwa kudai ushahidi. Paulo alilijua hilo. Kule Athene (Matendo 17) alianzia kwenye madhabahu ya wenyeji na maneno ya washairi wao. Efeso alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili. Ni Troa ndiko alikovuta maneno hadi usiku wa manane, Eutiko akasinzia dirishani na kuanguka toka orofa ya tatu. Wahubiri wetu wengi wameiga Troa.

Tunapendekeza kikao cha dakika 90, kuanzia saa kumi jioni, maana wanaorudi mitaa ya Katuba na Ruashi wanatafuta basi kabla giza halijakolea. Nyimbo na matangazo dakika 20, neno 25, maswali 35, maombi 10. Dakika 25 ni maneno kama 2,500 hadi 3,000: fungu moja la Biblia, wazo moja, mifano miwili, basi. Akija na mafungu saba, hata la kwanza halitashika. Akisimama na mkalimani, kila sentensi inasemwa mara mbili, na dakika 25 zinabaki 12. Achague lugha moja. Kiswahili kinatosha, neno la Kifaransa la darasani aliache lilivyo, wanalielewa. Na kwa watu 80 ndani ya chumba cha saruji, bafle (spika) mbili kubwa ni adhabu: sauti inagonga ukuta na kurudi, maneno yanapandana. Aseme kwa koo lake.

Kwenye maswali ndiko kazi iliko. Mkiomba watu wainue mikono, watasimama vijana watatu wale wale, na swali la kwanza huwa la kumpima mgeni tu. Gaweni vikaratasi, robo ya ukurasa, visiandikwe jina. Vigawiwe kabla ya neno, kwa kuwa swali zuri huzaliwa katikati ya hotuba na kusahaulika kabla ya amina. Wanafunzi wawili wavikusanye, wayaweke pamoja yanayofanana, kisha wayasome wakianza na magumu. Mhubiri asichague mwenyewe. Atachukua mepesi, ni tabia ya binadamu. Asipojua jibu, aseme hajui na ataje siku atakayorudi nalo. Mhubiri anayerudi na jibu wiki inayofuata hupata wasikilizaji wapya ambao hakuna tangazo lingewaleta.

Yako pia yanayofunga masikio. La kwanza ni kudhihaki sayansi ambayo msemaji hajaisoma. Mwanafunzi wa jiolojia hapa Katanga anasoma miamba ambayo vitabu vyake vinaipa umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ukimcheka mbele ya wenzake, hatakuamini hata ukisema habari za msalaba. La pili ni zito zaidi: kuhubiri usafi kwa kuwakemea wasichana juu ya mavazi, huku msemaji akinyamazia walimu wanaodai mwili ili watoe pointi. Kila aliyeketi pale anajua jambo hilo linavyoitwa. Msemaji alitaje waziwazi, aseme ni dhambi ya mwenye kalamu, na aseme pia msichana aende kwa nani. Msemaji akitaka kuzungumza na msichana, mlango uwe wazi na mwanamke mmoja wa kikundi awe karibu.

Halafu unabii wa mitihani. «Hakuna atakayeshindwa hapa» hupigiwa vigelegele, lakini matokeo yakitoka, aliyerudishwa sesheni ya pili, yaani kurudia mitihani, anaona haya kurudi kikundini. Anadhani imani yake ndiyo iliyopungua. Tunawapoteza hapo hapo. Sadaka ya «mbegu ya kufaulu» isiitishwe kamwe kwa watu wanaodaiwa minerval, yaani karo ya chuo.

Kwa hiyo tunaomba orodha itufikie wiki sita kabla ya masomo kufunguliwa, na kila aliyemo ahudhurie kwanza kikao kimoja akiwa msikilizaji, aketi nyuma, asikie vikaratasi vikisomwa. Akiona hapawezi, abaki na Jumapili zake, hatutamlaumu. Tunasubiri jibu lako kabla orodha haijatiwa sahihi.

Wasimamizi wa vikundi vya wanafunzi,
Lubumbashi