Mhariri, tuwekeeni gazetini saa za maji ya Mtwara, Lindi na Kilwa

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Mikindani. Gazeti lenu tunalisoma hapa kijiweni kwa muuza kahawa, nakala moja watu kumi, linapokezanwa mpaka kurasa zinalegea, na leo nina ombi moja tu ambalo nalisema mapema kabla sijaeleza sababu zake. Naomba muwe mnatuchapishia saa za maji kujaa na maji kupwa za Mtwara, Lindi na Kilwa. Kila wiki mara moja inatosha, hata kwenye kakona kadogo pale karibu na ratiba za mpira. Mwezi wa Ramadhani mnatuwekea saa za kufuturu mkoa kwa mkoa na watu wanazikata wanabandika ukutani, basi na bahari nayo ina saa zake na huku kusini nusu ya maisha yetu inaenda kwa saa hizo.

Nimefikia kuandika kwa sababu ya safari tuliyofanya mwezi wa tisa mwaka jana. Tulikuwa watano, wote tumekua pamoja hapa Mtwara, mmoja sasa ni mwalimu, mwingine ana bodaboda, dada yetu mmoja ni nesi, kuna anayefanya biashara ya korosho, na mimi ni fundi seremala. Miaka yote tumekuwa tukienda Kilwa kwa basi, bahari tunaiona kwa mbali kupitia dirishani, tukasema safari hii twende kwa tanga kama walivyokuwa wanaenda babu zetu. Tukakodi mashua ya mzee mmoja wa hapa hapa, tanga moja kubwa, mashine ndogo ya akiba nyuma, na kijana wake wa kumsaidia. Jaketi za kujiokolea tuliazima saba, kila mtu na yake, hilo nesi alikataa kata kata kuondoka bila hilo na nampa haki yake.

Kwa asiyejua, mwezi wa tisa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, bado inavuma lakini imeshapunguza ukali, na ukitoka Mikindani kwenda Lindi na baadae Kilwa upepo unaupata mgongoni au ubavuni karibu njia nzima, mkondo nao huku kwetu unaelekea kaskazini, yaani bahari yenyewe inakubeba. Ndo maana miji hii ipo hapa ilipo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilileta watu na mizigo, kusi ikawarudisha, na katikati kuna kipindi kinaitwa tanga mbili ambapo upepo haujajua unataka nini. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, na hakufika kwa lami.

Sasa sikia kilichotupata. Mzee alituambia tuondoke saa kumi alfajiri, hatukuuliza kwa nini, tukapanda na mabegi yetu na dumu la maji ya kunywa tukatoka. Mwezi ulikuwa mpevu, unang'aa mpaka unaona uzi wa tanga ulivyoshonwa. Ile kutoka kwenye mlango wa ghuba mashua iliteleza kama imesukumwa, alafu huko nje kusi ikalijaza tanga, foromali, ule mti unaoshika tanga, ikalia mara moja ikatulia, na kuanzia hapo kilichosikika ni maji tu yakipasuka kwenye omo, mbele ya mashua. Mi nimeishi kando ya bahari miaka arobaini na kitu na sikuwahi kuisikia hivyo. Tulinyamaza wote. Mwalimu alikuwa analia kidogo na hakuna aliyemuuliza.

Kwenye saa moja asubuhi hivi tukawa tumefika usawa wa ghuba ya Sudi. Mzee alikuwa amekaa na usukani tangu kutoka, akamwachia kijana akalala pale tezi, sehemu ya nyuma, amejifunika shuka. Sisi tukataka kuingia ndani ya ghuba tunywe chai, tutafute na mihogo. Kijana akasita, akasema ngoja mzee aamke. Hapo ndo mwenzetu mmoja akatoa simu, kulikuwa na programu ya maji kupwa na kujaa aliyopakua kabla ya safari, akaangalia akasema maji yanafika juu kabisa saa nne, saa hizi yanaendelea kujaa, ingia tu. Na mimi nikakazania, ingia kijana, usimwamshe mzee. Kijana akaamini simu. Tukaingia.

Haikupita robo saa tukasikia mashua inakwaruza chini, taratibu, kama mtu anavuta gunia sakafuni, alafu ikasimama. Mzee akaruka, akatazama maji, akatazama miti ya mikoko jinsi mizizi ilivyokuwa wazi, akachukua pondo akajaribu kutusukuma nyuma, wapi. Akashusha tanga. Akasema tu, "Maji yanatoka wanangu, hapa tutakaa mpaka mchana." Hakupiga kelele wala hakumgombeza kijana, na mi ndo niliona aibu zaidi.

Unajua kosa lilikuwa nini? Simu iliandika 4:00. Saa nne ya Kizungu ya alfajiri, yaani saa kumi yetu, ndo maji yalikuwa yamejaa, saa ile ile mzee aliyotutoa Mikindani. Mwenzetu akasoma nne akaelewa saa nne ya asubuhi, na saa nne asubuhi siku hiyo ndo maji yanakuwa yamekupwa mpaka mwisho. Amekosea kwa muda wa saa sita kamili, hakuna kosa baya kuliko hilo maana umegeuza bahari juu chini. Msomi, ana digrii, na hakuwa mzembe, alisoma kilichoandikwa. Kila Mswahili anajua jinsi saa hizi mbili zinavyochanganya ukiwa na usingizi.

Mashua ikaanza kulala ubavu. Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya mashua, yakahamia upande mmoja, begi la nesi likalowa lote, dumu likapinduka tukabaki na chupa mbili za maji kwa watu saba. Ilikuwa mchanga, tunamshukuru Mungu, ingekuwa mwamba ubao ungevunjika. Tukashuka tukasimama kwenye mchanga mahali ambapo saa mbili tatu nyuma mtu mrefu asingegusa chini, na wakaanza kupita akina mama na ndoo zao na fimbo za kuchokolea pweza, wanatembea bila haraka kufuata maji yanavyorudi nyuma. Mmoja mtu mzima akasimama akaitazama mashua ilivyolala, akatutazama na sisi.

"Wanangu, leo bamvua. Mwezi hamkuutazama?"

Nikamjibu, "Tuliutazama mama, hatukuusoma." Akatuachia maji ya kunywa kwenye kopo, akaenda zake kwenye pweza wake.

Tulikaa pale mpaka saa saba mchana, na mzee akatumia ule muda kutufundisha, kwa kijiti, kwenye mchanga. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji yanajaa sana na kukauka sana, tofauti ya juu na chini huku kwetu inapita mita 3, na siku hizo kwa pwani yetu yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yanakupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka, maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kumehamia kwenye saa nne. Basi. Mtu mwenye hayo kichwani hahitaji simu wala karatasi. Lakini nilimwangalia yule kijana wake, anajua kufunga demani, ile kamba ya kuongozea tanga, anajua mashine kuliko mzee, ila hili la mwezi alikuwa analisikia kama sisi tulivyokuwa tunalisikia, na yeye ndo nahodha wa kesho.

Iliyobaki ya safari ilikuwa nzuri mno. Lindi tulilala, tukaangalia watu wanavyovuka kwenda Kitunda jioni na mizigo yao. Mbele ya Mchinga tulimwona nyangumi, wale wenye nundu wanaopita huku miezi ya baridi na watoto wao, alitoka maji mgongo mzima alafu mkia ukasimama, nesi akapiga kelele mzee akaachia demani tukasimama tu tunaelea. Kiswere tulitia nanga usiku, tukala samaki wa chukuchuku na ugali wa muhogo, upepo wa umande unatoka nchi kavu una harufu ya moshi wa kuni. Na Kilwa Kisiwani siku ya mwisho, ukiingia kwa tanga unaanza kuyaona magofu ya Husuni Kubwa pale juu ya mwamba, alafu unafika Gereza, ile ngome ya zamani, ndo unaelewa ule mji ulijengwa utazamwe na anayetoka baharini. Nilishakwenda mara tatu kwa kivuko kutoka Kilwa Masoko na sikuwahi kuelewa hivyo. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara, majirani zetu wengi hawajafika hata mara moja.

Kurudi tulirudi kwa basi, maana kupambana na kusi kurudi Mtwara ni kazi ya kubisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, siku nyingi na watu wana kazi zao. Mzee alibaki na mashua yake anavizia umande.

Najua mtasema Mhariri, hizo saa zipo mtandaoni. Zipo, na tuliziona, na mmeona zilivyotufikisha. Kwanza zimeandikwa kwa saa za Kizungu. Pili nyingi zinakupa Dar es Salaam au Zanzibar kama hujui kuchagua. Tatu kuna sehemu kati ya Mchinga na Kilwa unaona mabati ya nyumba ufukweni kabisa na simu haina hata alama moja, na bando likiisha limeisha. Karatasi haiishi chaji. Na majedwali yenyewe yanatengenezwa mwaka mzima kabla kwa sababu mwendo wa mwezi na jua unajulikana, hivyo hamtahitaji mwandishi wa kukimbizana nayo kila siku, mnaomba kwa wahusika wa bandari mnakuwa nayo ya mwaka.

Ninachoomba iandikwe ni siku, saa ya kujaa na ya kupwa kwa Kiswahili, yaani saa kumi alfajiri iandikwe saa kumi alfajiri, kimo kwa mita, na kapicha ka mwezi pembeni. Kama nafasi ipo wekeni na mstari mmoja wa upepo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kwa pwani ya kusini. Hilo la upepo si la kustarehe. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kilitutishia Mtwara kikaangukia Msumbiji, na mwezi wa tano 2024 kikaja Hidaya, mvua zake zikaikata barabara ya Dar kule Somanga mabasi yakakwama. Watu wa pwani wanatakiwa wawe na mazoea ya kuangalia upepo kila wiki, ili siku ya hatari isiwe ndo siku ya kwanza wanaangalia.

Na msidhani ni kwa ajili ya watu watano waliokwenda kutembea. Wale akina mama wa pweza, wanaolima mwani wanaoingia shambani maji yakikauka, wavuvi wa ngalawa, vijana wa boti za Msanga Mkuu, wazazi ambao watoto wao wanavuka maji kwenda shule, hata mpishi anayetaka kujua samaki watafika sokoni saa ngapi, wote hao maisha yao yamo kwenye jedwali la mistari saba. Walimu wakilibandika darasani hesabu ya dakika hamsini kila siku mtoto wa darasa la nne anaifanya mwenyewe.

Mimi niko tayari kusaidia kuzigeuza hizo saa kuwa za Kiswahili mwezi wa kwanza wa majaribio, mwalimu wetu naye amekubali kuzikagua, na mzee nahodha nimemwomba awe anatuambia kama zinalingana na anavyoona yeye kwa macho pale Mikindani. Amekubali.

Mwezi wa tisa tunaondoka tena, watu wale wale na mashua ile ile, ila safari hii nesi amesema ndo atakaa karibu na usukani na saa za maji ziwe mkononi kwake. Naomba ziwe zimekatwa kwenye gazeti lenu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi seremala, Mikindani, Mtwara