Mwanangu, usifumue nyaya

Mwanangu,

Picha za gari unalojiundia nimeziona. Chasisi imenyooka, na rangi ya hilo bodi la faibaglasi imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa unasema ukikanyaga breki taa ya kushoto inawaka hafifu, na indiketa ya upande huohuo nayo inamulika kidogo. Umeshabadilisha balbu, umebadilisha swichi, na sasa unataka kufumua nyaya zote. Acha kwanza.

Tatizo lako ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Gari la bodi la chuma hurudisha umeme kwenye betri kupitia bati lenyewe. Faibaglasi haipitishi umeme, na ule waya mweusi wa ethi ya taa umeufunga kwa skrubu kwenye faibaglasi! Umeme ukishatoka kwenye balbu ya breki unakosa njia, unarudi kinyumenyume kupitia balbu ya indiketa. Angalia hata indiketa ya mbele kushoto, utaikuta nayo inawaka kwa mbali.

Kuhakikisha ni rahisi. Chukua kipande cha waya, unganisha hasi ya taa hiyo na hasi ya betri, kisha mtu akanyage breki. Ikiwaka kwa nguvu, basi kila taa ya nyuma ipelekee waya wake wa ethi mpaka kwenye chasisi. Pale unapofunga bolti, kwangua rangi na upige msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake kuzuia kutu. Usifunge juu ya rangi, hata kama inakuuma kuiharibu. Najua itakuuma.

Fyuzi ya ampea 30 uliyoweka kwenye taa za breki itoe. Balbu ya breki ni wati 21, kwa volti 12 inakula ampea 1.75. Hata ukiongeza ile ya tatu ya juu, zote hazifiki ampea 6, kwa hiyo fyuzi ya 10 inatosha. Waya mwembamba ukipiga shoti nyuma ya fyuzi ya 30, utaungua waya kabla ya fyuzi kukatika. Umeme wa taa za breki uchukue moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi hiyo, usipitie kwenye ufunguo.

Swichi ya pedali isogeze mpaka taa iwake mguu unapogusa tu, kabla breki hazijashika. Ukiachia pedali, izime kabisa.

Mwisho, washa taa za usiku na indiketa kwa pamoja, ndipo mtu akanyage breki wewe ukiwa nyuma ya gari. Ethi mbovu hujificha ukijaribu taa mojamoja. Nitumie video nione, na usianze kufunga viti kabla sijakujibu.

Mama yako