Risala ya Wazazi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Elimu, Likoni

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na karibuni Likoni. Foleni ya feri tunaijua sisi tunaoivuka kila alfajiri, kwa hivyo tunathamini sana kufika kwako.

Historia ya shule hii ni ndefu, hatutakuchosha nayo. Ilianza kwa mabanda ya makuti, na elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, ikafurika. Mafanikio ni makubwa mno. Gredi ya sita walifanya wote KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, hakukosa hata mmoja. Timu yetu ya netiboli imetikisa wadi nzima. Na kila Jumamosi alasiri wazazi huja kusoma pamoja na watoto: wachuuzi wa samaki, madereva wa tuktuk, hata nyanya. Mama mmoja muuza mahamri alianza kwa kumsikiliza tu mwanawe. Sasa anafuatisha mistari kwa kidole na kusoma mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo ombi letu. Masomo hayo ya Jumamosi hufanyika chini ya mti wa mkungu. Gredi ya saba ilipobaki katika shule za msingi mwaka 2023, kisha ya nane na ya tisa zikafuata, madarasa yalikwisha. Masika yakishuka, vitabu tunavifunika kwa leso, watu wanatawanyika, na Jumamosi inayofuata wengine hawarudi. Mtaala wa umilisi unamtaka mzazi ashiriki masomo ya mwanawe. Tuko tayari. Hatuna pa kukaa.

Mheshimiwa, nyuma ya ofisi kuna msingi wa ukumbi. Jiwe lake liliwekwa na mgeni wa heshima kama wewe, tukapiga vigelegele. Aliyemfuata alituahidi mabati. Wote wawili tuliwashukuru kwa dhati, na nakala za barua tulizowaandikia kuwakumbusha zimo kwenye faili. Nondo zimeliwa na chumvi ya bahari. Ukizigusa, kutu inabaki kiganjani. Wazazi tumeshachanga mchanga na kokoto, na mafundi wawili miongoni mwetu watajenga bila ujira.

Tunaomba saruji, nondo mpya, mbao na mabati. Makadirio ya fundi yamo katika bahasha hii. Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, kabla hujapanda gari, utembee nasi hadi kwenye msingi huo, utuambie mbele ya watoto hawa lori la kwanza litafika mwezi gani. Katibu wetu atauandika mwezi huo papo hapo.

Ni sisi wako, Kamati ya Wazazi.