Mwenye gari jipya, anza na taulo na ndoo kabla ya polishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenzangu wanaomiliki gari kwa mara ya kwanza, hasa wale wanaolitoa bandarini likimeta na baada ya miezi michache boneti imeshafubaa. Wengi wakiona hivyo hukimbilia dukani kununua polishi, dawa ya kung'arisha tairi na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Hela inaishia hapo. Ndoo inabaki ile ile ya kudekia, kitambaa ni fulana iliyochakaa, na sabuni ni ya unga ya kufulia. Sisi tunaoshinda na rangi za magari tunaona mwisho wake. Gari haliharibiki kwa kukosa polishi. Linaharibiwa na vile vinavyoligusa kila linapooshwa.

Magari mengi yanayotoka Japani yana tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi ya chini na jua. Unene wake ni kama mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Mchanga ni mgumu kuliko klia, kwa hiyo ukiburuta kitambaa juu ya vumbi, kila chembe inachora mstari wake. Mistari hiyo ikiwa mingi mwanga unatawanyika, na gari jeusi linaanza kuonekana la kijivu. Jambo la kwanza la kuacha halina gharama yoyote: kule kulipangusa gari kila asubuhi kwa kitambaa kikavu au kwa brashi ya manyoya, kazi ambayo walinzi wengi wa majumbani hupewa. Gari lenye vumbi liache na vumbi lake mpaka upatikane muda wa kuliosha.

Sasa manunuzi. Anza na ndoo mbili za lita 20 na ya tatu ndogo, yoyote. Ndoo moja ni ya maji yenye shampuu, ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ya tatu ni ya tairi na rimu peke yake. Ukitumia ndoo moja, mchanga ulioutoa mlangoni unaurudisha kwenye boneti. Ukiweza kupata kile kichujio cha plastiki cha kuweka chini ya ndoo, vizuri, maana mchanga unatulia chini yake na glavu haiufikii. Usipokipata, badilisha maji ya kusuuzia kila ukimaliza nusu ya gari.

Cha kuoshea kiwe glavu ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za kiwandani, yenye nyuzi ndefu. Sponji ya kawaida uso wake ni bapa, chembe ya mchanga haina pa kujificha, inabanwa kati ya sponji na rangi na kusuguliwa humo humo. Nyuzi ndefu zinaimeza chembe mpaka uisuuze. Glavu ikianguka chini, usiitikise tu na kuendelea. Isuuze mpaka maji yatoke safi, na kama imeangukia kwenye mchanga, ihamishie kwenye kazi ya rimu na uchukue nyingine.

Taulo ndiko wanunuzi wanakopigwa zaidi, kwa sababu kwa macho zote zinafanana. Nunua nane za maikrofaiba. Mbili ziwe kubwa za kukaushia, kama sentimita 60 kwa 90, na sita ndogo za 40 kwa 40. Lebo nzuri hutaja uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba: kwa kazi ya kawaida tafuta gramu 300 au zaidi, kwa kukaushia 500. Kama lebo haisemi kitu, mzani wa jikoni unatosha. Taulo ya 40 kwa 40 yenye uzito wa kweli wa 300 itasoma karibu gramu 48, na ile kubwa ya 500 itasoma karibu 270. Ikisoma nusu ya hapo, umeuziwa kitambaa cha kufutia meza. Kipimo kingine ni kusugua taulo upande wa chini wa sidii kuukuu isiyo na alama, kisha kuitazama kwenye mwanga. Taulo inayochora sidii itachora na klia. Usiridhike na kugusa katikati tu, sugua na pindo pia, kwa sababu mara nyingi katikati ni laini na uzi wa pindo ni wa nailoni ngumu. Ile lebo ya kushonewa ikate kabisa kwa mkasi kabla ya matumizi ya kwanza.

Taulo mpya ifue kwanza, kwani nyingine hutoka kiwandani na dawa inayozifanya zisinyonye maji. Baada ya hapo zifue peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo, bila kuchanganya na nguo za pamba zinazoacha manyoya, na bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo hufunika nyuzi, na taulo inabaki kusukuma maji huku na huku badala ya kuyanywa. Maji ya moto sana na pasi vinaharibu nyuzi zake, kwa hiyo zianike kivulini zikauke zenyewe. Ipe kila rangi ya taulo kazi yake: bluu ya bodi, kijani ya ndani, nyekundu ya rimu. Taulo ya rimu haipandi cheo tena kurudi kwenye bodi, hata ikifuliwa mara kumi.

Kuhusu sabuni, kazi kubwa ya shampuu ya gari ni utelezi, ili uchafu uondoke bila kukwaruza. Povu ni la kufurahisha macho. Sabuni ya unga ina magadi, inaondoa nta yote na kufifisha plastiki nyeusi na mipira ya milango, na chembe zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Sabuni ya kuoshea vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na nta ya gari kwayo ni mafuta tu. Ukiitumia siku moja kwa dharura gari halitakufa, ila usiifanye mazoea. Soma kipimo kwenye chupa. Shampuu nyingi zinataka mililita 20 hadi 40 kwa lita 10 za maji, yaani vijiko viwili vya chakula hivi. Kwa kipimo cha mililita 30, chupa ya nusu lita inaosha mara 16, na kwa anayeosha kila wiki hiyo ni karibu miezi minne. Zile zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo ziache. Huwezi kujua nguvu yake wala cha kuchanganyia.

Hapa Dar es Salaam kuna tatizo ambalo maelekezo ya chupa za nje hayalitaji: maji ya kisima yenye chumvi. Shampuu haitoi povu kwa urahisi kwenye maji hayo, mtu anaongeza, povu bado, anaongeza tena, na mwisho gari linakauka na utando wa sabuni unaonata vumbi. Usiongeze zaidi ya kipimo. Osha na suuza kwa maji ya kisima ukitaka, lakini weka akiba ndoo moja ya maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwa suuzo la mwisho, uyamwage taratibu kuanzia paani ili yateremke yenyewe. Kisha kausha papo hapo. Maji ya chumvi yakikaukia juu ya gari huacha madoa meupe, na jua likiyapiga wiki kadhaa yanashika. Yakiwa bado mapya, siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huyatoa: lowesha taulo, iweke juu ya doa dakika moja au mbili kivulini, suuza vizuri. Jaribu kwanza mahali pa kificho.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukiondoa. Anza na rimu na tairi, kwa ndoo yake na brashi yake, ili uchafu wa breki usirukie bodi iliyokwisha safishwa. Halafu lowesha gari lote. Kama huna mpira wa maji, lile bomba la mkono la lita 5 la kupulizia dawa shambani linafanya kazi hiyo vizuri mno, mradi liwe jipya, lisiwahi kutiwa dawa ya wadudu. Nyunyiza maji yenye shampuu kidogo, subiri dakika tatu hadi tano tope lilainike bila kukauka, kisha limwagie maji. Mchanga mwingi uondoke hapo kabla hujagusa chochote kwa mkono. Ndipo glavu: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu ya chini na bampa, ambako ndiko mchanga unakojaa. Nenda kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, ukisuuza glavu kila kipande. Kukausha, tandaza taulo kubwa na uivute polepole. Ukiona kuna uchafu umebaki, usiusugue kwa taulo, rudia kuosha pale.

Kwenye rimu, kuna wanaotumia dawa ya choo kwa sababu inatoa weusi haraka. Inatoa kweli, maana ni asidi, na baada ya weusi inaanza kula rangi ya rimu na aluminiamu yenyewe. Brashi laini na shampuu ya gari vinatosha ukiosha kila wiki. Tairi nazo hupakwa dizeli au mafuta ya taa ziwe nyeusi. Mafuta hayo yanalainisha mpira na kuuvimbisha, na mng'aro wake unakwisha na vumbi la siku ya kwanza. Ukitaka tairi nyeusi, nunua dawa ya tairi inayotumia maji, ipake ubavuni tu kwa kipande cha sponji, ifute iliyozidi. Sehemu inayokanyaga barabara isiguswe. Mwenye bodaboda asiipake kabisa, maana pikipiki ikilala kwenye kona inakanyagia pembeni ya tairi.

Baada ya kuosha vizuri mara mbili tatu, ndipo ufikirie nta. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, inapendeza sana lakini kwa jua letu hudumu wiki chache. Kwa anayeanza ningeshauri kinga ya kutengenezwa kiwandani, ile ya maji ya kupulizia au ya kupaka, ambayo hukaa miezi. Kosa la wengi ni kupaka nyingi. Tabaka nene halikingi zaidi, linakuwa gumu kufuta na kuacha mabaka. Paka kiasi cha kuona ukungu mwembamba, kipande kimoja kwa wakati, pitisha kidole, na pakiwa safi chini ya kidole bila kuburuta, futa. Epuka plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, nta ikiingia kwenye vinyweleo vyake inaacha weupe mgumu kutoka.

Kompaundi, ile dawa ya kusugua mikwaruzo, usinunue bado. Inakata klia, na klia iliyokatwa hairudi, na kwa gari lililowahi kupigwa rangi tena mitaani hujui imebaki kiasi gani. Mashine ya presha pia isubiri. Ukikutana nayo kwa mwoshaji, mwambie asisogeze mdomo wake karibu zaidi ya sentimita 30 na bodi, na asiielekeze kwenye injini, kwa sababu maji yakiingia kwenye koili, altaneta au sanduku la fyuzi gari linaweza kukataa kuwaka.

Ndani kazi ni nyepesi. Vakyumu au brashi kwanza, kisha taulo yenye unyevu, na dawa ya usafi wa jumla iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu kumi, ukiipulizia kwenye taulo na si kwenye dashibodi yenye swichi. Brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, inatoa vumbi kwenye matundu ya eisi kuliko kifaa chochote kinachouzwa kwa kazi hiyo. Dawa ya mafuta inayong'arisha dashibodi humulika kwenye kioo cha mbele ukiendesha mchana, na ikifika kwenye usukani au pedeli ni ajali. Kama vioo vina tinti, soma chupa ya dawa ya vioo: yenye amonia huharibu tinti.

Kitu kimoja kisichosubiri siku ya kuosha ni kinyesi cha kunguru, na kunguru Dar hawahesabiki. Kikikaukia juani kinaacha alama ndani ya klia, na wakati mwingine siku moja inatosha. Weka garini chupa ya maji na taulo moja. Lowesha taulo, ilaze juu ya kinyesi dakika mbili, kisha kiinue bila kusugua. Utomvu wa mwembe nao ulainishe hivyo hivyo, kwa subira zaidi.

Ombi langu la mwisho ni kwa waagizaji wa bidhaa hizi. Chupa nyingi zina maelezo ya Kijapani, Kichina au Kiingereza cha herufi ndogo, na muuzaji dukani mwenyewe hajui kipimo. Stika moja ya Kiswahili nyuma ya chupa ingetosha, ikitaja mililita ngapi kwa lita ngapi za maji, dakika ngapi kabla ya kusuuza, na sehemu gani za gari zisipakwe.

Msomaji wako,
Fundi rangi za magari,
Kinondoni, Dar es Salaam