Mnasifia gigahezi, mpiga ngoma hamumuulizi

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana nimesoma tena ile safu yenu ya teknolojia na imekuwa yaleyale, simu mpya ina gigahezi kadhaa, nanomita kadhaa, kamera nne, basi imeisha. Sasa hayo mapigo ya gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde, yanatoka wapi na yanakula umeme kiasi gani, hilo sijaona mtu anauliza, na ndo pabaya penyewe.

Kila chipu ina saketi ya saa, yaani mpiga ngoma, na sehemu zote zingine zinacheza kwa mdundo wake. Umeme unaoliwa na saketi za aina hii unafuata hesabu nyepesi tu, ukubwa wa mzigo unaochajiwa (yaani waya na vijisehemu vinavyojazwa chaji na kumwagwa), mara voltiji kipeo cha pili, mara idadi ya mapigo kwa sekunde. Waya wa kawaida ndani ya chipu unaweza kutulia muda mrefu kama data haibadiliki, lakini waya wa saa haupumziki, kila pigo unapanda na kushuka, na umetandazwa chipu nzima. Mnakumbuka prosesa ya kompyuta Alpha 21064 ya kampuni ya DEC, ile ya 1992 iliyokuwa inakimbia megahezi 200 na kula wati kama 30? Karibu asilimia 40 ya mzigo wote uliokuwa unachajiwa na kumwagwa mle ndani ulikuwa wa saa peke yake. Yaani mpiga ngoma anakula sahani ya wachezaji karibu nusu nzima.

Ndo maana wabunifu wakaanza kuweka mageti kwenye njia ya mapigo, sehemu isiyo na kazi haipelekewi mdundo kabisa, na wengine wanashusha voltiji pale inapowezekana, ukishusha nusu matumizi yanabaki robo. Hilo ni rahisi kuelewa sitalirefusha.

Linalonikera mimi ni eneo, yaani nafasi kwenye chipu. Mnatuambia kila mwaka transista, vile viswichi vidogo vya ndani ya chipu, zimekuwa ndogo, sawa kabisa, lakini kwenye saketi ya kuzalisha mapigo kuna watu wawili hawapungui, kapasita, yaani kihifadhi chaji, na koili. Mapigo ya haraka kwa kawaida yanatengenezwa na saketi inaitwa PLL, inachukua mdundo wa taratibu wa kristali, kale kajiwe kanakotetemeka kwa mwendo usiobadilika, tuseme megahezi 25, inauzidisha mara 40 unapata gigahezi moja, na ndani yake kuna kapasita ya kuchuja na, kama unataka mapigo masafi sana, koili. Koili ni mzunguko wa waya na nguvu yake inatokana na ukubwa wa huo mzunguko, huwezi kuikunja ikawa ndogo kwa sababu tu teknolojia imesonga mbele. Koili ya mikromita 200 kwa 200, kadoa ambako kwa macho utakaona kwa shida, kwenye teknolojia za leo inakalia eneo ambalo ungeweka transista zaidi ya milioni moja. Na silikoni, yaani kile kibamba chipu inapochorwa, ya teknolojia mpya ni ghali, kwahiyo unalipa bei ya kisasa kwa kitu cha kizamani.

Njia mbadala ipo, unachukua mageti ya kugeuza, yale ukiingiza moja yanatoa sifuri, unayapanga kwa duara kwa idadi witiri, tatu, tano, saba, basi yanaanza kufukuzana yenyewe bila mwisho na hapo una mapigo. Koili huihitaji. Ile kapasita ya kuchuja nayo unaiondoa, unaweka kichujio cha kidijitali, yaani namba inayotunzwa kwenye rejista, kale kahifadhi ka namba kaliko ndani ya chipu, na hiyo inapungua pamoja na transista. Ila hakuna cha bure jamani, duara hilo linatetemeka, mapigo hayafiki kwa wakati uleule kila mara, na ukitaka kupunguza mtetemeko kwa nusu inabidi ulilishe umeme mara 4. Kwa hiyo kwa redio ya simu mi nasema waacheni na koili yao, wanaihitaji kweli. Lakini chipu ya kupima joto la chumba koili ya nini?

Nina kisa changu cha aibu. Nilitengeneza kasensa kanakotumia betri ya kidonge ya CR2032, ile ya miliampea-saa 220 hivi, nikakapa programu kalale na kuamka kila dakika kupima. Siku ya 9 kakafa. Nikabadilisha betri, siku ya 9 tena. Nikaja kuweka mita nikakuta miliampea 1 inapita muda wote hata kakiwa kamelala, kumbe nililaza prosesa tu, saa ya megahezi 16 nimeiacha inapiga ngoma kwenye ukumbi mtupu! Nikaizima, nikaacha ile ya kristali ya saa ya mkononi, kristali ya mapigo 32,768 kwa sekunde, ukigawa kwa mbili mara 15 unapata sekunde moja kamili. Mita ikashuka mpaka mikroampea 5, yaani sehemu 5 za elfu za miliampea. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni miaka 5, ingawa betri nayo ina uzee wake.

Mistari mitatu tu ya programu, mhariri. Kwahiyo mkija kuandika tena habari ya saa janja au kifaa chochote cha betri, pembeni ya hizo gigahezi ongezeni kamstari kamoja: kikilala kinakula mikroampea ngapi, na saa gani inabaki macho.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa saketi