Bibi wa ming'oko ametuacha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke muuza ming'oko wetu wa hapa Mikindani, aliyetangulia mbele ya haki mwezi uliopita. Jina silitaji, wanawe hawapendi makuu. Mtaani sote tulimwita Bibi, basi.

Kwa msomaji asiye wa Kusini: ming'oko ni mizizi ya porini, jamii ya viazi vikuu, myembamba kama vidole. Huchimbwa, huchemshwa, ikaliwa kwa chumvi na pilipili. Bibi alikaa chini ya mwembe, beseni limefunikwa kipande cha kanga kilichofifia rangi. Fungu alilipima kwa jicho. Kabla hujatoa hela anakuuliza, "Mamako kaamkaje?" Ukijibu ovyo, fungu linasubiri mpaka ujibu vizuri. Mtoto asiye na kitu hakuondoka mikono mitupu: "Shika, utanilipa ukioa." Mimi nimeoa mara mbili na deni sijalipa.

Msimu wa korosho, hela zikitapakaa, wenzake walikimbilia kukaanga chipsi na kuku. Yeye hakubanduka. Hata vijana wa bodaboda, ambao ubishi wao tunaujua, walizima injini wakimwona anavuka barabara na beseni kichwani.

Arobaini yake ni Ijumaa ijayo. Beseni limelazwa kifudifudi pale pale chini ya mwembe, na hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Mjukuu wa mtaa,
Mikindani, Mtwara